Kisa cha Muovu na Ukurasa wa Mtumwa

Imezuka ada katika miaka ya karibuni, hasa kwenye filamu, kwamba muovu haachwi awe muovu tu. Lazima atafutiwe jeraha. Maleficent wa mwaka 2014 alikatwa mbawa na mwanamume aliyemwamini. Joker wa mwaka 2019 aliteswa utotoni kabla hajashika bastola. Wanafunzi wangu hugawanyika pande mbili juu ya jambo hili. Wapo wanaosema kuwa muovu mwenye machungu nyuma yake huwa mtu kamili, naye hutisha zaidi kwa kuwa tunajiona ndani yake. Wapo wanaosema machungu hayo ni sabuni: yanamwosha, na mwisho wa hadithi hatujui tena tumlaumu nani.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinasahau swali linalotangulia. Kitabu kina kurasa zenye kikomo. Kurasa anazopewa muovu ili atueleze utoto wake, zimeondolewa kwa nani? Kwa sisi tunaoishi Mtoni, karibu na magofu ya kasri la Sayyid Said, swali hili halikuanzia kwenye filamu. Watu waliofanya biashara ya utumwa wameandikiwa hadithi nyingi, na baadhi yao wamejiandikia wenyewe.

Nianze na riwaya. Mwaka 1963, mwaka ambao Zanzibar ilipata uhuru wake wa Desemba, mwandishi wa Kiingereza M. M. Kaye alichapisha Trade Wind. Ameiweka hadithi yake Unguja ya mwaka 1859, wakati Sayyid Barghash alipomwasi ndugu yake Sayyid Majid, na watu halisi wa historia yetu wanapita humo wakiwa wahusika. Lakini mhusika anayemshughulisha mwandishi ni Rory Frost, nahodha Mwingereza wa jahazi la Virago, mfanyabiashara wa watumwa. Frost amepewa utoto usio na upendo, na utoto huo unaeleza ukavu wa moyo wake. Amepewa pia ucheshi, elimu na macho ya kuvutia. Hadi mwisho, Hero Hollis, msichana wa Boston aliyekuja Unguja akiuchukia utumwa, anampenda.

Katikati ya riwaya hiyo yumo Zorah, suria wa Frost, ambaye Frost alimnunua akiwa mtoto. Mchumba wa Hero anamdhulumu Zorah, naye Zorah anakufa. Hapo Frost anamteka Hero na kumbaka, kwa kisasi. Tazama mpangilio huo. Kifo cha mtumwa kinageuzwa kuwa huzuni ya bwana wake, na huzuni ya bwana inakuwa udhuru wa jinai nyingine. Zorah amekufa mara mbili: mara ya kwanza mwenyewe, mara ya pili akiwa sababu ya mtu mwingine. Na wale waliobebwa katika tumbo la jahazi hawana hata sababu hiyo, ni shehena. Hapa machungu yamemdhoofisha muovu, nami sitasita kusema hivyo. Kumwelewa si kosa. Kosa ni kwamba kumwelewa kumegharimiwa na watu ambao mwandishi hakutaka kuwaelewa.

Sasa mlinganishe na mtu wa kweli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, alifariki Mji Mkongwe mwaka 1905, na nyumba yake ipo Shangani hadi leo. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Anayeyasoma akitafuta utoto wa mateso atatoka mikono mitupu. Safari, deni, pembe, vita, bei, safari tena. Habembelezi msomaji. Laiti mwandishi wa filamu wa leo angeupata mswada huo, angeurudisha na kuuliza: jeraha liko wapi?

Jeraha limo, ila si lake. Anasimulia jinsi alivyoingia Utetera, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wawili wa nasaba ya utawala wa nchi hiyo walitekwa vitani na kupelekwa mbali. Akadai kwamba mmoja wao alinunuliwa na babu yake na kuwa suria, na kwamba yeye ni mjukuu wa mwanamke huyo. Mtemi mzee, Kasongo, akampokea kama damu yake iliyopotea na kumkabidhi utawala. Wanahistoria huichukulia nasaba hiyo kuwa ni hila, na msomaji wa kitabu chenyewe haoni dalili ya aibu.

Sijui riwaya yoyote iliyobuni muovu wa kutisha namna hiyo. Mtu ambaye misafara yake iliwatenganisha wengi na jamaa zao alifahamu barabara kilio cha ukoo uliotekwa binti yake. Alikifahamu kiasi cha kukitumia kama ufunguo. Kwa hiyo wanaosema kuwa ukatili hutokana na kutojua maumivu ya wengine wangeufikiria mkasa wa Utetera kwa makini. Machungu aliyoyasimulia Tippu Tip hayamwoshi hata kidogo. Yanamwongezea uzito, kwa sababu tunaona wazi kwamba alijua.

Mtoni yenyewe ina mfano wa tatu, nao ni mgumu zaidi kwa sababu mhusika wake tunampenda. Sayyida Salme binti Said alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, akatoroka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Mama yake, Djilfidan, alikuwa Mcherkesi. Salme anaeleza kwamba wavamizi waliwaua wazazi wa mama yake, wakawachukua watoto watatu, kila mmoja njia yake, na Djilfidan aliingia nyumba ya Sayyid Said akiwa bado mtoto mdogo. Ni kurasa za kuumiza. Lakini ndani ya kitabu hicho hicho imo sura inayoutetea utumwa wa Mashariki na kuwakebehi Wazungu waliotaka kuukomesha. Salme si muovu, wala sitaki kumfanya awe. Namtaja kwa kuwa anaonyesha jambo ambalo hadithi za leo zinalikimbia: machungu ya mama hayakumfundisha mwanawe kuyaona machungu ya Myao au Mmakua aliyebeba maji katika uwanja ule ule. Jeraha halifundishi kitu lenyewe.

Waandishi wetu wa baada ya 1964 walichukua njia ya pili. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, hakumpa Fuad udhuru. Fuad ni mwenye shamba katili, basi. Wahakiki wengine humwona Fuad kuwa bapa, na kwa kiasi fulani wana haki. Lakini wanatafuta kina mahali ambapo mwandishi hakukiweka. Kina kipo kwa Kijakazi, mtumishi ambaye moyo wake unabaki kwa bwana wake hata mapinduzi yanapofika. Fumbo la riwaya ile ni namna mtu anavyojifunza kumpenda anayemponda, wala si namna Fuad alivyoharibika. Huo ni mgao wa kurasa wenye siasa ndani yake, nami nauona kuwa ni halali.

Hata hivyo njia hiyo nayo ina mpaka wake, na mpaka huo unatuhusu sisi zaidi ya wahakiki. Visiwani hapa kila upande wa mwaka 1964 una kisa chake cha nyuma. Mmoja huanza simulizi kwenye minada ya Mkunazini na kuishia usiku wa Januari. Mwingine huanza usiku wa Januari na kuishia uhamishoni. John Okello mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1967, anaanza na utoto wa uyatima kule Lango, Uganda, kabla hajafika kwenye bunduki. Kila msimuliaji anataka achukuliwe kuwa ndiye aliyeumizwa kwanza, na kila mmoja ana ushahidi. Tukikataa visa vyote vya nyuma, tutabaki na maiti wasio na sababu. Tukivikubali jinsi vinavyotolewa, tutabaki na sababu zisizo na maiti.

Ndiyo maana, nikilazimishwa kuchagua muovu mmoja katika fasihi ya Zanzibar, simchagui Fuad wala Bwana Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Namchagua Bi Farashuu, mkunga wa riwaya hiyo hiyo. Maksuudi alimwoa binti yake, akamla mali na kumwacha ameharibikiwa. Kisasi cha mama huyo kina haki yote ya duniani, lakini kinapita juu ya Maimuna, binti wa Maksuudi, ambaye hakuwa na deni kwa mtu. Mwandishi hakumnyima Farashuu uchungu wake hata chembe, na hakuupunguza wa Maimuna ili Farashuu aonekane safi. Tunasoma huku tukimhurumia mama na kumwogopea binti, wala huruma haiifuti hofu.

Muhula huu nimewapa wanafunzi kazi ya kuandika sura moja ya Trade Wind kutokea tumboni mwa Virago. Mmoja ameshaniuliza kama mtumwa wake azungumze Kiyao au Kimakua, na kama inaruhusiwa awe na kosa lake mwenyewe, la kabla ya kukamatwa. Nimemjibu kuwa inaruhusiwa.