Nyumba yako, udongo wa nani? Historia ya mji wa Louvain-la-Neuve



Mara hii tunatoka kidogo Fizi na Uvira, tunaenda mpaka Ubelgiji. Si kwa kutembea bure. Kule kuko mji mdogo wa iniversite, wenye miti mingi na njia za miguu, ambamo watu wananunua nyumba kwa namna ya pekee: unanunua kuta na paa, lakini udongo chini yake unabaki wa mwingine. Mji huo unaitwa Louvain-la-Neuve. Ukisikia habari yake mara ya kwanza unaweza kucheka: nani atanunua nyumba bila udongo? Kumbe watu wananunua, tena kwa bei kali, na wanalala usingizi. Tuone juu gani wanalala, na juu gani wengi kati yetu hatulali.

Iniversite iliyoambiwa itoke

Chuo kikuu cha kikatoliki cha Leuven kilianza mwaka 1425. Leuven ni mji wa upande wa Waflama. Lakini kwa muda mrefu Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya wakubwa wa Ubelgiji, na ndani ya chuo masomo yalitolewa kwa Kifaransa, baadaye kwa lugha zote mbili. Sheria za 1962 na 1963 zikakata mpaka wa lugha: huku Kiflama, kule Kifaransa. Leuven ikabaki wazi mu eneo la Kiflama. Basi Waflama wakaanza kuuliza: sehemu ya Kifaransa inabaki kwetu kwa sababu gani? Wanafunzi wakashuka barabarani na kelele moja: "Walen buiten", maana yake "Wawaloni watoke nje". Mu Februari 1968 serikali ya Paul Vanden Boeynants ikaanguka juu ya jambo hilo. Chuo kikagawanywa viwili, na sheria ya 28 Mei 1970 ikatambua kila upande kama chuo chenye kujitegemea. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa kufuata namba: vya namba shufwa upande huu, vya namba witiri upande ule.

Hatusemi ilikuwa sawa na yetu. Hapana. Hakuna aliyevuka ziwa usiku na mtoto mgongoni. Walipewa miaka ya kujitayarisha, na feza ya leta iliwasaidia. Lakini neno la kuambiwa "hapa si kwenu" walilisikia, na walipaswa kutafuta mahali pengine pa kuanza upya.

Sisi Wakongomani tunajua chuo hicho. Ni chenyewe kilichozaa Lovanium, iliyofunguliwa mwaka 1954 juu ya Mlima Amba, pembeni ya Kinshasa ya leo. Mwaka 1971 Lovanium ikaunganishwa na iniversite za Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja cha leta, UNAZA. Na mwaka huohuo, siku ya 2 Februari 1971, mfalme Baudouin aliweka jiwe la kwanza la Louvain-la-Neuve. Mama alikuwa anahama nyumba wakati mtoto wake anabadilishwa jina.

Mji juu ya mashamba

Mahali palipochaguliwa palikuwa uwanda wa mashamba na pori karibu na Ottignies, upande wa Kifaransa, si mbali na Bruxelles. Chuo kilinunua karibu hekta 900. Wanafunzi wa kwanza walifika Oktoba 1972, mji ungali wa kujengwa. Stesheni ya treni ilifunguliwa 1975, na kuhama kote kulimalizika 1979. Masomo ya udaktari wa wagonjwa hayakwenda kule. Yalipelekwa Woluwe, ndani ya Bruxelles.

Wangeweza kujenga iniversite tu, majengo ya masomo na vitanda vya wanafunzi. Michel Woitrin, aliyekuwa msimamizi mkuu wa chuo, na wapangaji wa mji Raymond Lemaire, Jean-Pierre Blondel na Pierre Laconte, walikataa hiyo. Walitaka mji kweli kweli, wenye wazee na watoto, maduka, kanisa, soko, na wanafunzi katikati yao. Kwa hiyo kati ya mji kulijengwa sakafu kubwa ya betoni: magari na treni vinapita chini, watu wanatembea juu. Kuzunguka hapo wakaweka kartie nne: Hocaille, Biéreau, Bruyères na Lauzelle, ambazo mtu anaweza kufika katikati ya mji kwa miguu. Pori la Lauzelle, karibu hekta 200, halikukatwa. Maji ya mvua nayo yalitengewa mifereji yake, yanaenda kukusanyika mu ziwa dogo lililochimbwa na watu, ambalo leo familia zinalizunguka siku ya Mungu. Anayeona miti ile na maji yale anafikiri ni vya asili. Sehemu kubwa ilipangwa mezani, na ilipangika kwa sababu moja: udongo wote ulikuwa na mwenyewe mmoja.

Kununua kuta, kukodi udongo

Chuo kilihitaji watu wajenge nyumba na maduka, lakini hakikutaka kuuza udongo vipande vipande. Kama kingeuza, matajiri wangenunua parseli na kuziacha mpaka bei ipande, na mpango wa mji ungekufa. Basi kikatumia sheria ya zamani ya Ubelgiji, ya 10 Januari 1824, juu ya kitu kinachoitwa emfiteozi. Ni kontra ndefu: si chini ya miaka 27, si zaidi ya 99. Mwenye kontra anatumia udongo kama wake. Anajenga, anauza nyumba yake, anaiweka rehani ku banki, anawaachia watoto. Mwenye udongo anabaki yuleyule, na kwa kawaida anapokea kodi kidogo kila mwaka, kama alama ya kusema: udongo ni wangu. Louvain-la-Neuve ilijengwa kwa kontra za namna hii.

Upande wa uchungu upo. Kwa sheria ile ya 1824, kontra ikiisha majengo yanabaki kwa mwenye udongo, na aliyejenga hawezi kumlazimisha ayalipe. Sheria mpya iliyoanza 1 Septemba 2021 imelainisha jambo hilo kwa kontra zinazofanywa tangu siku ile: mwisho wa juu unabaki miaka 99, lakini kuna fidia kwa majengo, isipokuwa mapatano yakisema vingine. Kontra ya miaka 99 iliyotiwa sahihi 1975 inaisha 2074. Kwa hiyo mtu anayenunua nyumba kule haangalii paka jiko na vyumba. Anauliza kwanza: miaka mingapi imebaki? Itafanywa upya kwa masharti gani? Notere anamsomea yote mbele ya kuweka sahihi.

Je, namna hii ilifanya nyumba ziwe za bei ndogo? Hapana, si kwa siku nyingi. Mji ulikuwa mzuri mno. Chuo, treni, pori, ziwa, halafu mu 2005 duka kubwa la Esplanade, na mu 2009 jumba la ukumbusho wa Hergé, yule mchoraji wa Tintin. Jimbo la Brabant ya Wawaloni ndilo lenye nyumba za bei ya juu kuliko majimbo mengine ya upande wa Kifaransa. Udongo ulibaki wa chuo, lakini bei ya kuta ilipanda, na aliyenunua mapema ndiye aliyefaidika.

Wengine walijifunza hapo. Mwaka 2012 kulianzishwa mu Bruxelles shirika linaloitwa Community Land Trust. Nalo linatenga udongo na kuta, lakini linaongeza sharti: linauzia familia za mapato madogo, na familia ikiuza nyumba, inapata sehemu tu ya faida, ili anayekuja nyuma naye aweze kununua. Chombo ni kilekile. Tofauti iko mu kile kilichoandikwa ndani ya kontra.

Kwetu udongo ni wa nani?

Sasa turudi nyumbani. Aliyecheka juu ya wale wanaonunua nyumba bila udongo ajiulize kidogo: yeye amenunua nini?

Tangu 1 Julai 1885 utawala wa Léopold II ulitangaza kwamba udongo "usio na mwenyewe" ni wa leta, na vijiji vyetu vikaamka siku moja mashamba ya mababu yanaitwa matupu. Mu cités za wakoloni mtu mweusi alipewa kitabu cha mwenye kukaa parseli, si cheti cha mwenye mali. Kiisha uhuru ikaja sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966, na nyuma yake sheria nambari 73-021 ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980. Hiyo ya 1973 ilisema wazi: udongo wote ni mali ya leta peke yake, hauuzwi. Raia anapewa haki ya kuutumia tu.

Kwa hiyo kwa maneno ya sheria sisi wote tuko kama watu wa Louvain-la-Neuve: kuta zetu, udongo wa mwingine. Sheria ile ilimpa Mkongomani, yeye kama mtu, konsesio isiyo na mwisho, kama masharti yanafuatwa. Wengine wote, pamoja na mashirika kama hili letu, walipata konsesio yenye mwisho. Emfiteozi ya sheria hiyo ya 1973 ilikuwa miaka 25 kwa mara moja, iliweza kufanywa upya. Shirika likijenga stoo au kalasi, lijue kwamba udongo wake una tarehe.

Tofauti kubwa kati yetu na wale iko hapa. Kule hakuna nyumba bila kontra iliyoandikwa ku notere. Kwetu wengi tuna karatasi ya mauzo yenye sahihi ya shefu wa avenyi na mashahidi wawili, basi. Karatasi hiyo inasema mapatano yalifanyika. Mbele ya sheria, kinachosimama kama haki juu ya parseli ni cheti cha kuandikishwa, ile setifika inayotolewa na konservatere. Na sheria ya 1973 iliongeza neno zito: setifika ikiisha kutimiza miaka miwili, haivunjwi tena, aliyeonewa anaweza tu kudai fidia ya feza.

Sasa pima neno hilo kwa maisha yetu. Mtu alikimbia 1996, akaishi Lugufu ao Nyarugusu, akashuka Baraka na mashua kuanzia 2005 na kuendelea. Miaka tisa ao zaidi. Akikuta mwingine amejenga mu parseli yake bila karatasi, kuna mazungumzo, kuna wazee, kuna njia. Akikuta mwingine ana setifika ya miaka mitatu, mlango wa kurudishiwa udongo ule umefungwa karibu kabisa, hata kama kaburi la babu yake liko nyuma ya nyumba. Sheria haikumfikiria mtu aliye kambini, asiyeweza kufika ofisini ku miaka hiyo miwili.

Maswali matatu

Hatusemi kila mtu ajenge kama Wabelgiji. Tunasema tuchukue desturi yao moja: kujua hasa unachonunua mbele ya kutoa feza. Anayenunua nyumba ao parseli aulize haya.

La kwanza: anayeniuzia ana karatasi gani mkononi? Kama ni ya mauzo tu, kama ni kontra ya lokasio ya leta, kama ni setifika, bei haiwezi kuwa moja. Ukilipa bei ya setifika kwa karatasi ya shefu, umenunua kuta na matumaini.

La pili: ofisi ya konservatere na ya kadasta wanasema nini juu ya namba hiyo? Nenda mwenyewe, usimtume muuzaji. Na kwa kuwa sheria zinarekebishwa, uliza ni masharti gani yanayotumika leo.

La tatu: nani alikaa hapa mbele ya vita, na yuko wapi? Hili haliulizwi Louvain-la-Neuve. Kwetu ndilo la kwanza ku moyo hata kama tumeliweka la mwisho. Parseli ya bei ndogo sana mara nyingi ni ya mtu ambaye bado yuko kambini, na siku moja atashuka toka mashua akiuliza njia ya kwake, kama tulivyofanya sisi.

Kwa wafadhili wetu tunasema neno moja. Mumetusaidia na manjanja, misumari na miti ya kujengea, na tunashukuru kwa kweli. Lakini nyumba nzuri juu ya udongo usio na karatasi inaongezea mtu mwenye nguvu hamu ya kuuchukua. Mukiweka mu bajeti ya kila nyumba feza ya kupima parseli, ya mawe ya mipaka na ya makaratasi mpaka setifika, mutakuwa mumejenga kitu ambacho mjane anaweza kuonyesha mbele ya tribinali.

Wale wa Louvain-la-Neuve hawana udongo, lakini wana siku, mwezi na mwaka vilivyoandikwa, na jina la mwenye kujibu. Ndiyo maana wanapanda miti mbele ya nyumba. Mti unapandwa na mtu anayejua kwamba atakuwepo.