Dawa ya tezi ya shingo iliyo dhaifu: unachopaswa kujua kabla ya kununua

Je, unachoka bila sababu, unahisi baridi wakati wengine wana joto, unaongezeka uzito na kupata choo kigumu? Huenda tezi yako ya shingo (thairoidi) inafanya kazi kidogo. Ugonjwa huu una dawa, lakini usiichague mwenyewe dukani.

Pima kwanza

Magonjwa mengi yana dalili kama hizi. Kipimo cha damu kinachoitwa TSH ndicho huonyesha hali ya tezi. Ukiwa Kisenyi, anzia Kituo cha Afya cha Kisenyi IV. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya serikali kama raia wa Uganda. Nenda na kitambulisho chako. Ikiwa kipimo au dawa haipo, omba rufaa.

Dawa ipi?

Ni levothairoksini; kwenye boksi utaona "Levothyroxine". Inajaza homoni ambayo tezi imeshindwa kutengeneza. Hutengenezwa kiwandani, haitokani na tezi ya nguruwe kama baadhi ya dawa nyingine.

Usiichanganye na kabimazoli ("Carbimazole"). Hiyo ni ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na itakuzidishia ugonjwa. Soma jina na miligramu au mikrogramu kabla ya kulipa. Ukipewa dawa ya kampuni tofauti, mwambie daktari.

Namna ya kumeza

- Meza asubuhi kwa maji matupu, kabla ya kula. Subiri dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai.
- Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na vya kiungulia vimeze saa 4 kabla au baada.
- Wakati wa Ramadhani, muulize daktari kuhusu kumeza usiku, angalau saa 3 baada ya kula.

Usiache dawa ukipata nafuu

Nafuu ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Watu wengi huitumia maisha yao yote. Rudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8, daktari aone kama kipimo cha dawa kinakutosha.

Ukishika mimba, endelea kumeza na uende kliniki mapema. Ubongo wa mtoto unahitaji homoni hii, na mara nyingi dawa huongezwa.

Moyo ukienda mbio, ukitetemeka au kifua kikiuma, nenda hospitali mara moja. Usimpe jirani vidonge vyako hata kama dalili zake zinafanana na zako.