Unafaa Kazi Gani, na Nani Anajibu?

Januari 1908, katika mtaa wa North End mjini Boston, Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ndogo. Mtaa huo ulijaa wahamiaji kutoka Ulaya, na watoto wao wengi waliacha shule mapema wakaingia kazi yoyote iliyopatikana. Ofisi ya Parsons ilikuwa na shughuli moja tu: kuketi na kijana, mmoja mmoja, na kumsaidia kujua kazi inayomfaa.

Cha kuchekesha ni kwamba Parsons mwenyewe angemsumbua mshauri yeyote. Alimaliza uhandisi Cornell mwaka wa 1873, mwaka uleule uchumi wa Marekani ulipoporomoka, na kampuni ya reli iliyomwajiri ikaanguka. Akafanya kibarua kwenye kiwanda cha chuma. Akawa mwalimu, akawa wakili, akaandika vitabu, akafundisha chuo kikuu. 1895 akagombea umeya wa Boston, akabwagwa. Kwa lugha yetu, jamaa alihasla.

Labda ndiyo maana mbinu yake ilikuwa rahisi: jijue wewe, ijue kazi yenyewe, kisha ulinganishe hayo mawili bila kujidanganya. Kijana aliulizwa maswali zaidi ya mia moja kuhusu afya, tabia, vitabu anavyosoma, na anavyotumia muda wake. Kasoro ilikuwepo pia. Parsons alipokuwa akihoji, aliangalia umbo la kichwa cha kijana, akiamini lingemfunulia kitu. Lakini hata hivyo alisisitiza kwamba hakuna anayeweza kumchagulia mwenzake kazi. Alifariki Septemba mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka 1909.

Huku kwetu swali hilo lilifika likiwa limegeuzwa. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes, pia kutoka Marekani, ilizuru Afrika Mashariki ikapendekeza elimu iliyodaiwa kumfaa Mwafrika: kilimo, ufundi, usafi, maisha ya kijijini. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete kuandaa walimu wa mpango huo. Ukulima na ufundi si kazi mbaya. Shida ni kwamba Boston kijana alipimwa peke yake, lakini huku watu wote walipimwa kwa mkupuo mmoja, na jibu lilikuwa tayari kabla ya swali.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, John Holland alikuwa akiwahoji wanajeshi wapya wa Marekani. Aligundua kwamba tabia za watu na historia zao za kazi zilijirudia kwa makundi machache. 1959 akachapisha nadharia yake, ambayo baadaye ilijulikana kwa aina sita: mtu wa vitendo, mchunguzi, msanii, msaidizi wa watu, mshawishi na mpangaji. Vipimo vingi vya mtandaoni vya "kazi gani inakufaa" vimetoka hapo. Ila Holland hakusema wewe ni aina moja tu. Kwake, mtu ni mchanganyiko.

Mimi ni mtoto wa 8-4-4. Nilijaza kozi ambayo pointi zangu zilitosha, nikasoma miaka miwili, nikatoka. Katika safari hiyo yote sikuulizwa hata moja ya yale maswali mia. Niliulizwa tu, "Umepata ngapi?"

Januari 2026 kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi ya 10, likiwa na mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Ukisoma karatasi, Parsons angefurahi. Lakini si kila shule ina mikondo yote mitatu. Msichana wa miaka kumi na tano anayependa muziki anaweza kujikuta akichagua kilichopo shule ya karibu, ama kile mzazi anaweza kulipia nauli. Hapo tena jibu limetangulia swali.

Kama una mdogo wako Gredi ya 9, kabla hujamwambia "chukua sayansi, utanishukuru", keti naye jioni moja. Muulize ni kazi gani huwa anaifanya hadi anasahau kula. Muulize ni kipi kinamchosha hata akikifaulu. Kisha nyamaza, umwache ajibu mwenyewe.