Nitachaji wapi? Maneno ya vituo vya magari na boda za stima Kenya

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni moja tu: nikinunua gari au boda ya stima, nitachaji wapi? Nimekusanya hapa mambo ya kujua kabla mtu hajaingia kwa mkopo kichwa kichwa.

Tuanze na bei. Aprili 2023 EPRA, wale wanaopanga bei za mafuta na stima, walileta bei maalum ya kuchaji: shilingi 16 kwa uniti mchana na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo zingine, kwa anayetumia hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Usiku kwa siku za kazi ni saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mbona nusu bei? Kwa sababu sisi tukilala, mvuke wa Olkaria haulali. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama mfereji, kwa hivyo matumizi yakishuka usiku mvuke mwingine huachiliwa tu hewani. Si afadhali uingie kwa betri ya mtu?

Lakini hapo kuna mtego. Bei hiyo inataka mita yake. Ukichomeka gari kwa soketi ya sebuleni unakatwa tokeni kama mtu anayepiga pasi. Anayefaidi ni mwenye depo, kwa mfano BasiGo, walioanza na mabasi mawili Nairobi Machi 2022 na huchaji usiku. Wewe unayeishi ghorofa ya nne kwenye ploti unategemea kituo cha umma, na vituo vingi viko Nairobi.

Sasa plagi, na hapa ndipo watu huumia. Mtumba wa stima unaouona sana ni Nissan Leaf kutoka Japani. Hiyo ina matundu mawili puani: moja la kuchaji polepole, lingine la haraka linaitwa CHAdeMO. Magari ya Ulaya yanatumia CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la China yanatumia GB/T. Haziingiliani! Unaweza kufika kituoni na betri asilimia tano, chaja inawaka taa vizuri, na waya hauingii. Uliza plagi kwanza, rangi ya gari baadaye.

Tena usidanganywe na namba ya chaja. Kwa kuchaji polepole, kifaa kilicho ndani ya gari ndicho kinaamua kasi. Kama gari linapokea kilowati 6, chaja ya kilowati 22 haitaongeza kitu. Leaf ya uniti 40 itachukua saa saba hivi hapo, na kwa soketi ya kawaida saa 15 au zaidi. Chaja ya haraka ya kilowati 50 inakufikisha asilimia 80 kwa kama saa moja.

Chukua safari ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi. Leaf hiyo ikiwa mpya inaenda kama kilomita 240. Ya mtumba inapungua, na njia yenyewe ni kupanda kutoka baharini hadi mita 1,700 hivi. Kwa hesabu yangu unahitaji kusimama Voi, Mtito Andei na Emali, kila mahali chaja ya haraka yenye plagi yako. Na ziwe mbili mbili. Kituo chenye chaja moja ni bahati nasibu, ikiharibika unalala hapo.

Boda ni hadithi nyingine. Ampersand, walioanza Kigali 2019 na kuingia Nairobi 2022, hawakuuzii betri. Unabadilisha iliyoisha kwa iliyojaa, dakika chache tu, unarudi kazini. Poa sana, ila mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwa pikipiki ya nyingine, kwa hivyo ramani ya vituo vyao ndiyo ramani ya kazi yako. Roam Air betri yake ya uniti 3 na kitu inatoka, unaweza kuibeba hadi nyumbani uchomeke ukutani. Kwa kijana wa boda aliye mbali na mji mimi ningeangalia hiyo kwanza.

Kama umechaji nje ya Nairobi, andika hapo chini: mji, plagi, na ulilipa ngapi kwa uniti.