Dhoruba ya 1872: Mikarafuu Ilihesabiwa, Nyumba Hazikuhesabiwa

Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, wavuvi wakaonywa wasitoke, na redio zikawa zinatangaza mwendo wake saa baada ya saa. Kilipungua nguvu kilipofika jirani na Mafia, lakini mvua zake ziliikata barabara ya kwenda Lindi na upepo ukaezua mapaa ya watu. Siku zile ilisemwa sana kwamba pwani yetu haijapata kuona jambo la namna hiyo. Imepata kuona, tena kubwa zaidi.

Jumatatu ya Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'olewa na kuvunjwa. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba kisiwa kilipoteza theluthi mbili ya miti hiyo. Bandarini, meli za Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, zilizama au kutupwa ufukweni. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, majengo ya misheni ya mapadri Wafaransa yalibomoka. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili tangu akalie kiti mwezi Oktoba 1870, na kisiwa kilikuwa kimetoka tu kwenye kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu Zanzibar, anakitazama kimbunga kile kama pigo kwa uchumi uliokwisha kulemewa na madeni. Wenye mashamba walikuwa wakikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka ardhi rehani. Mkarafuu mchanga huchukua miaka isiyopungua sita kabla ya kuzaa. Mwenye shamba aliyeamka Aprili 16 bila mti alikuwa na deni lile lile na hana mavuno ya kulilipia.

Msaada ungetoka wapi? Kwa wenye mashamba jibu lilikuwa nguvu za watumwa, na hilo ndilo lililozua ugomvi mkubwa.

Januari 1873, miezi tisa baada ya dhoruba, Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alitia nanga Zanzibar. Alileta rasimu ya mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alimpokea kwa heshima zote, kisha akakataa. Hoja yake kubwa ilikuwa dhoruba: mashamba yamelala chini, watu wake wamefilisika, na kuwaondolea wafanyakazi wakati huo ni kuwamaliza. Aliomba muda. Frere hakukubali, naye Barghash hakutia saini. Mjumbe aliondoka mikono mitupu.

Lakini London haikuliacha jambo hilo. Juni 1873 John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kisiwani, alimpelekea Sultani onyo: asipotia saini, manowari zitaizingira Unguja. Barghash alifikiria kusafiri mwenyewe hadi London kujitetea, akaambiwa haiwezekani. Juni 5 alitia saini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa linalosimama pale hadi leo. Nafuu aliyoipata ilikuwa moja: reale 40,000 ambazo Zanzibar ilitakiwa kuilipa Maskati kila mwaka tangu hukumu ya 1861 iliyozitenganisha nchi hizo mbili zikaanza kulipwa na serikali za Uingereza na India.

Kufungwa kwa soko lile kulikuwa haki, na hakuna dhoruba ingeweza kuhalalisha kuuza binadamu. Hata hivyo, katika mabishano yote hayo ya karibu miezi mitano, upande mmoja ulitetea mashamba na upande wa pili ulidai mkataba. Mtumwa aliyelala bandani, ambaye banda lake lilichukuliwa na upepo, hakuwa mezani. Wala hakuwapo mkulima mdogo wa Makunduchi au mvuvi wa Nungwi aliyepoteza ngalawa. Hati zilizobaki zinaeleza hasara ya karafuu na ya meli. Ukitafuta humo nyumba ngapi zilianguka na nani alizijenga upya, utatafuta sana. Yamkini watu walisaidiana wenyewe kwa wenyewe, jirani kwa jirani.

Waliofaidika nao walikuwapo. Bei ya karafuu ilipanda, na Pemba, iliyokuwa na miti yake, ikawa kisiwa cha karafuu hadi leo. Kwa mtumwa, maana yake ilikuwa kupelekwa Pemba kwa magendo usiku, mkataba au bila mkataba.

Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kiliupiga mji wa Lindi chini ya utawala wa Kiingereza. Tangu hapo vimepatikana vyombo vya kusaidia: Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa mwaka 1962. Sheria ya Usimamizi wa Maafa tuliyonayo ni ya mwaka 2022. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipouharibu mji wa Beira, Msumbiji, Tanzania ilipeleka chakula na dawa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Kisha kimbunga Kenneth kikapita karibu na Mtwara na kuangukia Cabo Delgado, Msumbiji.

Tumepiga hatua, na inafaa tujivunie. Ila Aprili 15 haimo katika kumbukumbu zetu za taifa, na taifa lisiloikumbuka dhoruba yake kubwa hushangaa kila upepo unapovuma. Somo la 1872 ni hili: kisichohesabiwa hakisaidiwi. Orodha ya sheha Unguja na ya mwenyekiti wa kijiji Mafia, yenye jina la kila mkuu wa kaya, idadi ya watoto, wazee na wagonjwa, iandikwe kabla ya msimu wa masika na kuhakikiwa kila mwaka. Mabati, mahema na unga vikifika, vimkute mjane na mpangaji wameandikwa sawa na mwenye shamba. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji viongozi wanaoamini kwamba banda la makuti lina haki ya kuhesabiwa kama mkarafuu.