Rika la Wanaotafuta Mtoto

Kohoti lilikuwa neno la jeshi la Warumi: kikosi, sehemu ya kumi ya lejioni. Wataalamu wa afya wakalitwaa kwa watu walioanza jambo moja wakati mmoja, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Kwa Kiswahili nalichagua neno rika.

Nitaambiwa rika ni umri. Si lazima. Wakuria wa Migori huhesabu rika kwa tohara: waliopita jandoni msimu mmoja ni wa rika moja, hata kama mmoja kamzidi mwenzake miaka miwili mitatu. Kinachowaunganisha ni tukio. Kule Boston, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, utafiti ulianza mwaka 2004 kufuatilia wanandoa wanaotibiwa ugumba. Walikubaliwa wanawake wa miaka 18 hadi 45 na wanaume wa 18 hadi 55. Tukio lililowafanya rika ni kupita mlango wa kliniki. Mkojo na nywele vilipimwa, zebaki ikiwemo, kabla matokeo ya matibabu hayajajulikana. Hapo ndipo ubora wa utafiti huu ulipo, maana aliyeharibikiwa na mimba ukimuuliza baadaye aligusa nini, huzuni humchagulia la kukumbuka.

Tuseme utafiti kama huo ufanyike Masara, huko huko Migori, kwenye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ndani ya karai, hukamua kwa kitambaa, kisha huchoma kidonge kinachobaki. Zebaki huruka kama mvuke na anayekaa karibu na moto huivuta. Tuseme huyo yumo katika jozi inayotafuta mtoto. Lakini dhahabu ikiisha, mwezi ujao yuko kwenye machimbo mengine, Macalder au Osiri. Wengine watakata tamaa, au fedha za matibabu ziwaishie. Mume naye huenda akaoa mke wa pili, na mtafiti abaki akijiuliza jozi ni ipi. (Swali hili Boston halikuwasumbua sana, nadhani.)

Ukiwahesabu waliobaki tu, tiba itaonekana bora kuliko ilivyo. Kundi hupungua mtu akiondoka. Rika halipungui, maana aliyehamia Nairobi bado ni rika yako, na lazima ahesabiwe. Basi istilahi iwe "utafiti fuatilizi wa rika", na wahariri wa majarida ya afya waache kuandika "utafiti wa kundi", kwa sababu kundi laweza kuwa la watu wowote waliokutana leo asubuhi.