Diski kuu ya kompyuta inapoanza kuharibika: Namna ya kuokoa taarifa zilizomo

Kompyuta nyingi za zamani zimehifadhi kumbukumbu zisizo na nakala mahali pengine, kama vile mihtasari ya vikao, hesabu za vikundi, orodha za wanafunzi na picha za familia. Diski kuu ya kompyuta hiyo inapoanza kuharibika, hatua zinazochukuliwa mwanzoni ndizo mara nyingi huamua iwapo taarifa zitapatikana au zitapotea moja kwa moja. Kanuni ya msingi ni kunakili kwanza na kutengeneza baadaye.

Diski kuu inavyofanya kazi

Diski kuu ya kwanza ilizinduliwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, na ilihifadhi takriban herufi milioni 5. Umbo limepungua sana tangu wakati huo, lakini msingi ni uleule. Sahani zenye utando wa sumaku huzungushwa na mota, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku vichwa vidogo vikisoma na kuandika taarifa. Vichwa hivyo huelea juu ya tabaka la hewa, katika nafasi iliyo ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kichwa kikigusa sahani hukwaruza utando huo, na taarifa zilizokuwa mahali palipokwaruzwa haziwezi kurejeshwa.

Dalili za kuharibika

Diski nyingi hutunza rekodi ya hali yake katika mfumo uitwao SMART, unaosomwa kwa programu maalumu. Sekta ni vipande vidogo vya hifadhi. Idadi ya sekta mbovu ikiongezeka, diski inaelekea mwisho wake. Dalili nyingine ni faili kuchelewa kufunguka, kompyuta kukwama mara kwa mara na majina ya faili kuvurugika.

Sauti ya kugonga au kukwaruza ndiyo dalili nzito zaidi. Inaposikika, kompyuta izimwe mara moja na isiwashwe tena kwa majaribio, kwa kuwa kila mzunguko unaweza kuongeza uharibifu. Diski ya namna hiyo ipelekwe kwa mtaalamu mwenye chumba maalumu kisicho na vumbi.

Hatua za uokoaji

Iwapo diski bado inatambuliwa na kompyuta na haitoi sauti isiyo ya kawaida, hatua zifuatazo huongeza uwezekano wa kuokoa taarifa:

1. Kuacha kuitumia na kutohifadhi faili mpya ndani yake.
2. Kuitoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nzima. Diski za zamani za aina ya IDE, zenye kiunganishi cha pini 40, huhitaji adapta ya USB.
3. Kuandaa diski nyingine nzima yenye ukubwa sawa au zaidi.
4. Kunakili diski yote kwa programu kama GNU ddrescue, ambayo ni huria. Programu hii husoma kwanza sehemu nzima, huruka zenye hitilafu na kuzirudia baadaye. Huweka pia ramani ya kazi iliyofanyika, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea ilipoishia. Uangalifu unahitajika katika kutaja diski ya kunakiliwa na ya kupokea. Zikibadilishana nafasi, taarifa zitafutwa.
5. Kutafuta faili ndani ya nakala, kwa programu kama TestDisk au PhotoRec, na kuiacha diski mbovu ipumzike.

Mambo ya kuepuka

Kompyuta ikiomba idhini ya kufomati diski, ombi hilo likataliwe. Programu za kurekebisha diski, kama CHKDSK, zisitumike kabla ya kunakili, kwa kuwa huandika juu ya diski iliyo dhaifu. Kuigandisha diski kwenye jokofu huleta unyevu ndani yake, na kuifungua mahali pa kawaida huingiza vumbi. Kubadilisha bodi ya saketi peke yake kwa kawaida hakutoshi, kwani katika diski nyingi bodi hiyo hubeba vipimo vya diski husika pekee.

Usiri wa taarifa

Diski ya ofisi huwa na taarifa za watu wengine. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa hizo kuzilinda. Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi fundi diski, ni vyema makubaliano ya maandishi yafanyike kuhusu usiri na urejeshaji wake. Diski isiyofaa tena iharibiwe kabisa, isitupwe wala kuuzwa ikiwa na taarifa.

Kinga ya uhakika ni kuwa na nakala tatu za taarifa muhimu katika vifaa viwili tofauti, moja ikitunzwa nje ya jengo, na kuzifungua mara kwa mara ili kuthibitisha kuwa zinasomeka.